Padre Raphaeli Nzowa na Kaburi la Dereva wa Mpemba

Katika vilima vya Itaka, nchi ya Wanyiha, mwaka 1916, alizaliwa mtoto wa kiume ambaye hakujaliwa kuuona uso wa baba yake. Mwaka huo majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka kusini kuwafukuza Wajerumani, na kila kijiji yalikopita kilitozwa watu wa kubeba mizigo ya vita, ambao wananchi waliwaita tengatenga. Mzee Nzowa, mfua chuma, alichukuliwa akiwa kwenye mivukuto yake, mkewe akiwa na mimba ya miezi ya mwisho. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari kwamba alianguka mto gani au chini ya mzigo gani. Mjane wake, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Ferista, alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani: kila msafiri aliyepita njia ya Itaka alimkaribisha, akampa togwa, kisha akamuuliza kama katika safari zake hakuwahi kuoneshwa kaburi la Mnyiha mrefu mwenye kovu la moto mkononi. Wengine walimdanganya ili wapate togwa ya pili. Mtoto alikua akilisikia swali hilo, na akaona jinsi mama yake alivyoziba uso kwa kanga kila jibu lilipokuwa lile lile.

Mapadre wa misheni walimfundisha kusoma, wakambatiza Raphaeli. Alipowaambia wajomba zake kuwa anataka upadre, walimwita mtoro, maana alikuwa mwanamume pekee wa nyumba ile na mivukuto ya baba yake ilikuwa ikioza. Mama yake ndiye aliyekata shauri. Aliwaambia ndugu zake kwamba mume wake alichukuliwa kwa nguvu na watu wa vita, basi mwanawe na aende kwa hiari yake na watu wa Mungu. Raphaeli alisoma seminari ya Kipalapala, akapewa daraja takatifu mwaka 1946. Mama Ferista alifariki mwaka 1951, akiwa bado hajajibiwa. Siku ya kumzika, Padre Raphaeli aliweka nadhiri mbele ya jeneza: katika parokia yoyote atakayopewa, hatalala mtu njiani bila kaburi. Nadhiri hiyo ilikuwa njema. Waamini wakumbuke, hata hivyo, kwamba ni nadhiri hiyo hiyo iliyomwangusha, na huo ndio ukweli ambao maandishi haya hayatauficha, kwa sababu mtakatifu anayefutiwa makosa yake hana la kumfundisha mwenye dhambi.

Mwaka 1962, nchi ikiwa ndiyo kwanza imejitawala, alipelekwa Tunduma. Ilikuwa ni safu ya maduka ya mabati mpakani, pamoja na msikiti mdogo wa udongo na kanisa lisilo na madirisha. Wenye maduka na magari wengi walikuwa Waislamu kutoka Kilwa, Tanga na Kondoa. Waamini wake walikuwa wakulima Wanyiha na Wanamwanga waliotawanyika hadi kijiji cha Mpemba. Padre Raphaeli alikuwa na sauti kubwa na hasira ya karibu, na alipenda kanisa lijae. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Walevi waliomwona akija na baiskeli yake waliingia vichakani, na yeye aliwafuata huko huko. Alipowapata aliwasomea makosa yao mbele ya wake zao, kisha akawapakia kwenye baiskeli, mmoja baada ya mwingine, akawarudisha nyumbani.

Miaka minne baadaye walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia utawala, na Zambia ikakatiwa mafuta. Ndipo barabara ya Tunduma ilipogeuka kuwa mto wa malori. Yalitoka pwani yakiwa na mapipa ya petroli, mchana kutwa, kwenye tope na vumbi, na kila masika barabara ilidai watu. Lori lilipopinduka, Padre Raphaeli alifika kabla ya polisi. Alibeba maiti kwa mikono yake, akachimba, akazika na kuweka msalaba. Sifa zake zilivuka mpaka. Watu walioona mazishi hayo, yakiwa na nyimbo na uvumba kwa mtu asiye na ndugu, walianza kuja kujiandikisha kwa mafundisho ya dini. Kanisa likajaa. Na katika kujaa huko, moyo wa Padre uliingiwa na kitu ambacho yeye mwenyewe alikuja kukiita ulafi: alianza kuwatazama wafu wa barabarani kama mavuno yake.

Mwezi wa Machi 1967, kwenye mteremko wa Mpemba, lori la mafuta liliacha njia na kulipuka. Dereva alikuwa peke yake. Moto haukuacha uso wala karatasi. Koti lake tu ndilo lililorushwa mbali pamoja na mlango, na mfukoni mlikuwa na mbegu za kijivu zilizotungwa kwenye uzi uliokatika. Mbegu hizo kila mtu wa parokia alizijua. Ni zile ngumu za majani ya kandokando ya maji, ambazo Mungu ameziumba na tundu tayari, na akina mama wa Mpemba walizitunga kutengenezea rozari, maana rozari za dukani hazikufika huko. Padre Raphaeli alizishika, akambusu Kristo moyoni, akasema mtu huyu ni Mkatoliki.

Mzee Saidi, mwenye duka kutoka Kilwa na msimamizi wa msikiti, alikuja akihema. Alimsihi Padre wangoje. Alisema madereva wengi wa magari yale ni watoto wa pwani, na mwenye gari akipatikana Mbeya atawaambia jina. Akaongeza kwamba hata mbegu zile si ushahidi. Mbele ya umati, Padre alimkata kauli.

"Huyu ni wa kwangu, Mzee Saidi. Nenda kafunge duka lako uje umwone mtu anavyozikwa."

Watu wengine walicheka. Mzee Saidi akarudi dukani. Mazishi yakawa makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Katekista Yonathani, mtu mpole wa Mpemba aliyeipenda parokia kuliko nyumba yake, alichonga msalaba wa mninga uliomzidi mtu kimo. Jumapili iliyofuata, wanaume wengi wa Tunduma waliomba mafundisho.

Mwezi Juni, mama mmoja alishuka kwenye lori la chumvi akiwa na kikapu na mkeka. Jina lake Mwanamvita, mtu wa Pangani. Mwenye gari alikuwa amempelekea habari, naye alikuja kumzuru mwanawe wa pekee, Athuman. Alimuuliza Mzee Saidi mwanawe alizikwa vipi, na Mzee Saidi hakuwa na ujasiri wa kumjibu. Alimpeleka tu. Mama aliuona msalaba kutoka barabarani. Wanaosimulia wanasema hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini kando ya kaburi, akaupa msalaba mgongo, akaomba aitiwe aliyefanya hivi.

Padre Raphaeli alikuja na zile mbegu mkononi, akiamini bado kwamba ana hoja. Mwanamvita alizipokea, akazipitisha kidoleni moja moja. Alimweleza kwamba zimeota nyuma ya nyumba yake, kisimani, na kwamba tasbihi ile aliitunga yeye wakati Athuman anaanza safari za bara, ili mtoto amtaje Mungu badala ya kutukana barabara.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Ulimuuliza nani kabla hujamchukua?"

Padre Raphaeli alisimulia katika uzee wake kwamba wakati ule hakumwona mwanamke wa Pangani tena. Alimwona Ferista wa Itaka na kibuyu cha togwa, akiwauliza wapita njia. Akatambua kwamba baba yake naye pengine alizikwa na mtu mwenye haraka, mwenye nia njema, ambaye hakuuliza. Akapiga magoti kwenye udongo akiwa na kanzu yake, mbele ya Wakristo na Waislamu waliokuwa wamekusanyika.

Mzee Saidi na wazee wa msikiti walishauriana. Kwa kuwa miezi ilikuwa imepita, na mwili ulikwisha kuteswa na moto, walisema usifukuliwe. Wao watamsalia pale pale juu ya kaburi. Ila msalaba uondoke. Ndipo Yonathani alipomvuta Padre pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile ambacho parokia nzima ilikuwa ikikiogopa.

"Baba, ukiung'oa huo, wale wapya hawarudi. Watasema dini yetu imeshindwa."

"Yonathani, afadhali wasije kabisa, kuliko waje kwa ajili ya maiti tuliyoiba."

Aliung'oa mwenyewe. Mninga ulikuwa umezama sana, naye alichimba kwa mikono na kwa jembe la kuazima mpaka kucha zikatoka damu, na hakumruhusu mtu amsaidie. Kisha akaubeba begani kutoka makaburini hadi kanisani, akipita katikati ya soko la Tunduma mchana kweupe, watu wakisimama milangoni. Mpagazi mmoja wa mpakani, aliyewahi kusomewa makosa yake kichakani, alimuuliza kwa dhihaka kama leo Padre anahama na mali zake. Padre alisimama, akaweka mzigo sawa begani.

"Niliupanda kwenye shamba la mwenzangu, bwana. Naurudisha kwetu."

Akaendelea na njia yake hadi kanisani. Lakini Yonathani alikuwa amesema kweli. Wakatekumeni wengi, wale wapya wa mafundisho, waliacha kuja. Wapo waamini wa zamani waliokataa kumsalimu, na mmoja alimwita Padre wa msikitini mbele ya altare. Yote hayo aliyapokea. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Jioni ya siku ile ya kung'oa msalaba, sala ya wazee wa msikiti kaburini ikiwa imekwisha, alimwendea Mwanamvita kuomba msamaha. Mama alikuwa akikunja mkeka wake.

"Nimekuona ukiung'oa," alimwambia. "Kusamehe bado. Na kaburi hili usiliguse tena."

Akapanda lori, akarudi pwani. Maneno hayo Padre Raphaeli aliyabeba karibu miaka kumi na minane.

Wakubwa wake, waliosikia malalamiko ya waamini, walimhamisha mwaka 1968, wakampeleka Msangano, bondeni kwenye joto na mbu. Hakujitetea. Alilima ulezi pamoja na watu, akajifunza Kinamwanga sawasawa akiwa mtu mzima, akichekwa na watoto kwa matamshi yake ya Kinyiha. Huko ndiko alikoanza desturi inayokumbukwa hadi leo. Kila alipoitwa kwenye msiba, kabla ya kuvaa stola, aliuliza: mama yake ni nani? Kama mama yupo, alikwenda kwake kwanza, awe Mkristo au si Mkristo, amsikie anataka mwanawe alazwe vipi. Kama mama amekwisha kufa, aliomba jina lake, akalitaja katika sala pamoja na la marehemu. Operesheni ya vijiji ilipofika mwaka 1974, na watu wakaamriwa kubomoa na kuhamia kijiji kipya, bibi mmoja aitwaye Tabita alijilaza juu ya kaburi la mumewe na kuwaambia viongozi wampakie pamoja nalo. Viongozi walimwita Padre aje kumshawishi. Yeye alikaa chini karibu na bibi kutwa nzima, akimwomba amtajie watu wote waliolala pale na mama zao, mmoja baada ya mwingine. Bibi alipomaliza, aliinuka mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya kijiji kipya, chini ya turubai, Padre Raphaeli aliyataja majina yale yote kwa kichwa, na wazee waliosikia jamaa zao wakitajwa mahali pale pageni waliacha kusema kwamba wametupwa.

Mwaka 1977 alirudishwa Tunduma. Reli ilikuwa imekwisha kupita, mji umekua. Alimkuta Mzee Saidi amezeeka, wakasalimiana mlangoni pa duka kwa muda mrefu, wala hakuna aliyezungumzia siku ile watu walipomcheka Mzee. Kipindupindu kilipoingia mpakani, watu walikimbia hata maiti za ndugu zao. Wazee hao wawili waliwazika wale waliokimbiwa. Kwa kila maiti waliulizana kama kuna anayemjua mama yake. Wakijua, walifuata dini ya mama, na wasipojua, kila mmoja alisali sala yake, na hakuna aliyesema huyu ni wangu. Waamini wanasimulia kwamba hakuna hata mmoja wa waliochimba nao aliyeugua, ingawa walishika kwa mikono mitupu. Kanisa halijatoa neno juu ya hilo, nasi hatulitangulii. Waliokuwa pale wanajua walichokiona.

Jambo moja liliwashangaza waamini wa Tunduma. Padre huyo, aliyepalilia makaburi ya kila mtu, hakuwahi kukanyaga lile la dereva wa Mpemba. Mvua zikinyesha majani yalilifunika, Mzee Saidi akatuma watu, yakaota tena. Padre alipita barabarani na baiskeli yake, akavua kofia, akaenda zake. Wenye maneno walisema bado ana kinyongo na Waislamu. Yonathani peke yake ndiye aliyejua kwamba Mwanamvita huja kila baada ya miaka michache, analala kwa Mzee Saidi, anazuru, anarudi pwani bila kufika misheni, na kwamba kila anapokuja, Padre hukaa siku nzima barazani, amevaa kanzu safi, bila kumwambia mtu anamngoja nani.

Mwanzoni mwa mwaka 1985 alilala kitandani. Moyo ulikuwa umechoka. Mapadre vijana walikaa naye, wakamwomba atazame nyuma na kuwaambia ni lipi kubwa alilolifanya katika utumishi wake, wakitarajia atataja makanisa aliyojenga. Aliwajibu kwamba alitumikia miaka mingi kabla ya kuwa padre, na kwamba upadre wake ulianza alipobeba msalaba sokoni. Walipomuuliza kama anaogopa kufa, alisema haogopi. Ila ana deni la neno moja ambalo si lake kulidai.

Mwezi Februari, Mwanamvita alikuja Tunduma, amejikunja kwa uzee, akiongozwa na mjukuu wa ndugu yake, Mwasiti. Mzee Saidi alimweleza kwamba Padre yuko mahututi. Akamweleza pia, kwa mara ya kwanza, habari za kipindupindu na lile swali. Bibi akaomba apelekwe misheni. Yonathani aliyempokea mlangoni alitaka kumtengea kiti. Alikataa, akakaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda.

"Nasikia unawauliza watu mama zao," alisema.

"Nauliza, mama. Nilichelewa kujifunza."

Nje kuku walikuwa wakiparua kwenye tope. Bibi alisawazisha ushungi wake, akamtazama yule mtu mkubwa ambaye sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Kwa Athuman majani yamekuwa mengi," alisema. "Mimi mgongo haunipi tena. Nenda kayapalilie, Padre."

Padre Raphaeli aligeukia ukuta, akalia. Asubuhi iliyofuata alimwamuru Yonathani amtoe. Walimbeba kwenye kiti mpaka Mpemba, wakamshusha kando ya kaburi. Hakuweza kushika jembe. Aliketi kwenye udongo na kung'oa majani kwa vidole, yale ambayo mkono wake uliyafikia, akipumzika na kuendelea, hadi upande mmoja ukawa safi. Mwanamvita alikaa upande wa pili akivuta uradi. Wapita njia wa Tunduma, waliokuwa wamemwona akitoka hapo na msalaba begani, walimwona sasa amerudi, na hawakuthubutu kupiga hata honi.

Upande wa pili hakuumaliza. Alifariki juma lile lile, akiwa na udongo wa Mpemba bado chini ya kucha, maana alikataa kusafishwa. Umati wa mazishi yake ulijaza barabara pande zote mbili za mpaka, na akina mama wa Msangano, waliotembea kuja, waliimba huu ubeti wao:

Mgeni akifa kwetu,
hakusema huyu wetu,
aliinama kwa utu
kuuliza mama yake.

Ndugu waamini, msimheshimu mtu huyu kwa kumchonga sanamu. Alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilimuumiza mama asiye na kosa. Naye alikibeba hadharani, akakilipa kwa miaka, bila kumharakisha yule aliyemkosea. Wewe uliyemkosea mtu na kukimbilia kitubio ili usahau, mwige. Msamaha wa Mungu usikuondolee subira ya kungoja wa binadamu. Na huko Mpemba ule upande wa kaburi ambao Padre Raphaeli hakuuwahi, watu wa misheni na watu wa msikiti huupalilia pamoja kila masika, wakianzia pale mkono wake ulipoishia.